UZI: "Run" si kukimbia tu. Tulichambue hili neno mpaka lieleweke

Mwl_Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Mimi nafundisha twisheni ya Kiingereza hapa Morogoro, watoto wa darasa la sita mpaka kidato cha pili. Wiki iliyopita niliwapa sentensi za kutafsiri, mojawapo ikiwa "My father runs a shop". Zaidi ya nusu ya darasa waliandika "Baba yangu anakimbia duka". Nilirudi nyumbani na yale madaftari nikakosa raha, maana kosa lile si la watoto. Ni letu sisi tuliowazoesha kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili, ukimjua huyo umemaliza. Run ni kukimbia, haya, geuza ukurasa.

Halafu ukiitazama vizuri, "anakimbia duka" ni Kiswahili safi kabisa. Kila mtu hapa akiisoma ataelewa kwamba huyo baba ana madeni, akiwaona wadai wanakuja analiacha duka na kutokomea. Tunasema "amekimbia familia", "amekimbia deni". Kwa hiyo mtoto hakuandika upuuzi. Ameandika habari nyingine, nzito, ambayo haimo kwenye sentensi.

Nimelifuatilia hili neno kwa siku kadhaa. Naweka hapa nilichopata, mnisahihishe palipo na kasoro.

Kwanza, ukubwa wake. Katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, neno lililokula nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Walipokuja kuandaa toleo la tatu, mhariri mmoja aitwaye Peter Gilliver alikabidhiwa "run", akakaa nalo miezi tisa. Alipomaliza, kitenzi hicho peke yake kilikuwa na maana 645. Mtu mzima, msomi, miezi tisa kwa neno la herufi tatu. Sisi tunampa mtoto dakika mbili.

Pili, na hili ndilo lililonifungua macho, asili yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyo ndugu. Kimoja ni "rinnan", ambacho mara nyingine herufi zake ziligeuka kikatamkwa "irnan". Hicho kilimaanisha kukimbia na pia kutiririka kama maji. Cha pili ni "ærnan", nacho kilikuwa cha kufanya kitu kiende mbio, hasa farasi: kumpanda na kumwendesha. Sasa sisi tuna kwenda, na tuna kuendesha. Kile kiambishi cha kusababisha kingali hai mdomoni mwetu kila siku, pika na pikisha, soma na somesha, enda na endesha. Waingereza vyao viwili viligongana karne nyingi zilizopita vikawa kimoja. Ndiyo maana leo basi "runs", na mwenye basi naye "runs" basi hilo hilo. Kwetu basi linakwenda, mwenyewe analiendesha.

Tangu nilione hilo, nimebadilisha namna ya kufundisha. Nawaambia wanangu: ukikutana na "run", kabla hujafikiria miguu, jaribu kwenda na kuendesha. "The engine is running", injini inaunguruma, inakwenda. "The road runs along the coast", barabara inakwenda sambamba na pwani. "The contract runs until June", mkataba unakwenda mpaka Juni. "She runs the clinic", anaiendesha zahanati. Jaribu kuweka kukimbia katika hizo nne uone barabara inavyopata miguu.

Kukimbia kwa miguu kumo, sikatai. Ila ni chumba kimoja ndani ya nyumba kubwa.

Nyinyi mmelikuta wapi? Mlioko maofisini, hospitalini, ughaibuni, leteni.

---

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu, umenigusa mahali pangu pa kazi. Mgonjwa akija huku kwetu na aibu zake hasemi "naharisha". Anasema "nesi, tumbo linaniendesha" au "mtoto anaendesha tangu jana". Na Kiingereza wanasema "the runs". Nimesoma hapo ulipoeleza kwenda na kuendesha nikasimama kabisa. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, zote zimepita njia moja kufika kwenye tumbo.

Ila kuna jambo la kuwatahadharisha wenzangu. Sisi Afrika Mashariki, Tanzania, Kenya na Uganda, tunapenda kusema "running stomach". Tunaandika mpaka kwenye vyeti vya kuombea ruhusa shuleni. Mwenzangu aliyekwenda kufanya kazi Uingereza alilitumia kwa daktari wa kule, daktari akabaki anamtazama, hajui tumbo linakimbiaje. Wao watasema "diarrhoea", au kwa lugha ya nyumbani "the runs" au "upset stomach". "Running stomach" ni Kiingereza chetu na humu kwetu kinaeleweka, sioni ubaya wake. Lakini ukiwa na mgonjwa mbele ya mtu wa nje, tumia neno analolijua, maana dakika unazopoteza kuelezana ni za mtoto aliyekaukiwa maji.

Pua nayo ni hivyo hivyo. "Runny nose" ni kamasi jepesi linalotiririka, la mafua. Na "he is running a temperature" haina mbio yoyote, mtu amelala kitandani na homa imempanda.

---

Msimamo_Mmoja

Mwalimu heshima yako, lakini mimi naona unawachanganya watoto. Fungua kamusi yoyote ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili, ya kwanza ni kukimbia. Mtoto wa darasa la sita anahitaji maana moja iliyonyooka. Hizo 645 awaachie maprofesa. Sisi tulifundishwa run ni kukimbia na leo tunasoma mikataba ya Kiingereza bila taabu. Tena mtihani wenyewe hauulizi Kiingereza cha kale.

---

Mwl_Kihonda

@Msimamo_Mmoja ndugu yangu, nashukuru kwa kusema wazi. Sehemu ya hoja yako naikubali: mtoto aanze na picha moja. Tunakotofautiana ni kumwacha hapo.

Tugeuze kidogo. Mzungu amekuja kujifunza Kiswahili, anakuuliza "piga" maana yake nini. Utamwambia ni kuchapa, kutia kofi. Sawa. Kesho anasikia mama anapiga pasi. Anasikia watu wanapiga kura. Dada anapiga deki, kijana kapiga simu, babu amepiga magoti, mpishi anapiga mswaki kabla ya kulala, mchezaji kapiga chenga, serikali imepiga marufuku, wazee wanapiga soga. Jirani kapiga bei redio yake, yaani kaiuza. Katika zote hizo hakuna aliyeumia. Huyo Mzungu akishikilia kwamba piga ni kuchapa, atadhani nchi nzima tunachapana kuanzia asubuhi.

Sisi hatukujifunza hizo moja moja kwenye kamusi. Tulizipata kila moja ikiwa na mwenzake: pasi, kura, deki, simu. Piga haitembei peke yake. Na "run" haitembei peke yake. Mtoto akikariri "run a shop", "run a fever", "run a race" kama vile sisi tunavyobeba "piga pasi", hatahitaji kukariri maana 645. Atazipata zikija.

Hilo la mtihani, nakuhakikishia kwamba vifungu vya ufahamu vimejaa "run" zisizokuwa na miguu. Mtoto anasoma kifungu kizima vizuri, anafika hapo anaanguka.

---

Bi_Vitenge

Jamani mimi Kiingereza changu cha shule ya msingi tu lakini huu uzi ni wa kwangu. Nauza nguo. Nguo za mtumba na zile mpya za nje zina kile kilebo kidogo pembeni, mara nyingi kimeandikwa "colours may run" au "wash separately, dark colours may run". Miaka yote nilikuwa nasoma naona kama rangi itakimbia, nikajua tu ni onyo la kitu kibaya. Kumbe ni kile kile tunachosema sisi, nguo inachuja! Kitenge kipya cha rangi nyekundu ukikiloweka na shuka nyeupe, shuka inatoka na waridi. Hiyo ndiyo "run".

Na mwalimu umesema maji kutiririka ni maana yake ya zamani. Basi rangi kutiririka na maji imekaa sawa kabisa.

Swali, na soksi zile ndefu za akina mama, mteja mmoja aliyekaa Marekani aliniambia "it has a run". Ni hiyo hiyo?

---

Mwl_Kihonda

@Bi_Vitenge asante sana dada, hicho kilebo nitakipeleka darasani.

Soksi ikifumuka uzi mmoja, mstari unashuka mguu mzima. Wamarekani wanauita "run" kwa sababu unaendelea kushuka wenyewe, hausimami. Waingereza hawasemi hivyo, wao wanauita "ladder", ngazi, kwa vile ule mfumuko una vijiuzi vya kukatisha kama vipandio. Jambo moja, nchi mbili, mmoja ameutazama mwendo wake, mwenzake ameutazama umbo lake. Mimi napenda sana vitu vya namna hii.

---

Mzee_wa_Muscat

Assalaam alaykum. Nasoma nikiwa Oman, mwanangu ndiye aliyenitumia uzi huu.

Mwalimu, hili la kukimbia na kutiririka kuwa neno moja si la Waingereza peke yao. Kiarabu kina "jara". Mtoto akikimbia, "jara". Maji yakitiririka, "jara". Kila anayesoma Qurani ameshakutana na zile bustani ambazo "tajri min tahtiha l-anhar", mito inapita chini yake. "Tajri" hiyo ndiyo "jara". Na hali inayoendelea, jambo linalotokea, nalo ni "jara".

Sasa tazama tulivyolichukua sisi Waswahili. Hatukuchukua kukimbia, wala hatukuchukua maji. Tulichukua tokeo peke yake, tukalifanya "kujiri". Kila siku redioni unasikia "yaliyojiri wiki hii". Watangazaji wanaposema vile, ndani yake mna mto unatiririka, lakini nani anausikia? Kwa hivyo neno likivuka bahari huja na chumba kimoja tu cha ile nyumba yako, vyumba vingine hubaki kwao. Nadhani ndivyo "run" ilivyotufikia. Ilishuka forodhani na miguu yake miwili, maji yakabaki Uingereza.

---

Mwl_Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Hili la kujiri sikulijua kabisa, na nimelitumia maisha yangu yote. Umenipa somo la wiki nzima. Nakuombea afya njema.

Na niongeze jirani wa Kiingereza, Kijerumani. Wao wale ndugu wawili hawakuungana. "Rennen" ni kukimbia, "rinnen" ni kutiririka, hadi leo ni maneno mawili. Ukimsikia Mjerumani anazitumia unaona jinsi Kiingereza kingeweza kuwa.

---

fundi_kodi

Nakazia upande wa kompyuta. Sisi mafundi kwa mazoea tunasema "ku-run programu" na hatuoni shida. Lakini Kiswahili chenyewe kilishapata neno zuri zamani: mfumo endeshi. Yaani Windows, Android na wenzake ni mifumo endeshi. Sikumbuki mtu aliyependekeza "mfumo kimbizi", na sasa najua kwa nini. Neno lenyewe ni tafsiri ya "operating system", lakini kuendesha kwake ni kule kule anakosema mwalimu.

Pia programu "inakwenda" au "haiendi". Mteja akinipigia simu kwamba mfumo hauendi, naelewa mara moja.

---

Kisauni_Kriketi

Habari kutoka Mombasa. Mmesahau mchezo! Katika kriketi "run" si kitenzi tena, ni kitu cha kuhesabiwa. Wapigaji wawili wako pande mbili za uwanja mwembamba wa mita 20 hivi. Mmoja akipiga mpira, wanabadilishana pande kwa mbio, kila wakibadilishana wanapata "run" moja. Wengine kwa Kiswahili huziita mikimbio. Lakini mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, unapewa "runs" sita papo hapo na hakuna aliyekimbia hata hatua. Miguu ilianzisha, hesabu ikaendelea yenyewe.

Kwa walio wadogo: tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, Kombe la Dunia, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa "runs" 53. Sisi tulipata 210, wao wakaishia 157. Collins Obuya aliwatoa watu watano. Kenya ilifika nusu fainali mwaka ule. Nilikuwa kijana, nilikuwa uwanjani, na "run" kwangu mimi itabaki kuwa ile sauti ya umati ukihesabu.

Msinicheke kwa kuhama mada, nimeona tu kwamba mtoto akisoma "Kenya won by 53 runs" atajiuliza walikimbia mara 53 kwenda wapi.

---

Karani_wa_Kaunta

Benki na siasa zinanihusu zote mbili, nitakwenda haraka kwenye siasa.

"To run for president" ni kugombea. Hapo kuendesha hakumo, hapo ni mbio kweli, mashindano, kama sisi tunavyosema "mbio za urais". Hayo ni mazungumzo ya Kimarekani. Waingereza wa kwao "stand for Parliament", wanasimama. Na kwetu utasikia "fulani anasimama mwaka huu". Mgombea mwenza ni "running mate", neno lililotoka kwenye mbio za farasi za Marekani, farasi aliyeingizwa kumwekea mwenzake kasi. "Run-off" ni duru ya pili, na "runner-up" ni mshindi wa pili, huyo hana uhusiano na kupanda juu.

Sasa benki. "A run on the bank" ni hofu inapowaingia wenye akaunti, wote wakaja siku moja kutoa fedha zao. Hakuna benki duniani inayokaa na fedha zote za wateja ndani ya kasha, nyingine zimekopeshwa, kwa hiyo hofu yenyewe inaweza kuiangusha benki ambayo ingepona. Septemba 2007 watu walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock huko Uingereza, jambo ambalo nchi ile haikuwa imeliona tangu karne ya 19. Na Machi 2023 kule Marekani wateja wa Silicon Valley Bank walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta, bila kusimama foleni. Neno ni lile lile "run", ingawa hakuna aliyenyanyua mguu.

Hapa mwalimu naomba nikurekebishe kwa heshima. Kwenye hili, kukimbia ndiko kunakofaa, lakini kukiwa na mkia: wateja *wameikimbilia* benki. Ukisema *wameikimbia* benki, umesema kinyume, kwamba wamehama, hawaitaki tena. Herufi mbili tu katikati, na habari imegeuka.

---

Mwl_Kihonda

Marekebisho nimeyapokea kwa mikono miwili, na yananisaidia. Kuendesha si ufunguo wa milango yote.

---

Dada_Minnesota

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Nilipofika hapa miaka hiyo nilianza kazi ya usafi kwenye hoteli moja. Msimamizi akanipa mashuka akaniambia "Can you run these upstairs for me?" Mimi nikayakumbatia nikapanda ngazi mbio, nikateleza, nikaumia goti. Alishangaa sana, na mimi nilishangaa kwamba anashangaa. Alichotaka ni niyapeleke tu. "Run" hapo ni kupeleka kitu mahali na kurudi.

Tangu siku hiyo nilianza daftari. Baadhi yake:

"Run the dishwasher", iwashe ifanye kazi, usiiguse na sabuni ya mkono.

"I have to run", mtu anaaga. Nilikuwa nadhani kuna dharura, nauliza "kuna nini?" Hakuna kitu, ni kama sisi tunavyosema "haya, ngoja niwaache".

"Run it by me first", usifanye kabla hujaniambia. Hii ndiyo iliyonigharimu zaidi, kwa sababu nilisikia "by me" nikadhani napita tu mbele yake. Kama uko kazini na bosi akakwambia hivi, maana yake anataka kushirikishwa kabla.

"I'm running late", nimechelewa. Huyu anayesema "running" mara nyingi amekaa kwenye gari, foleni haisogei.

"It runs in the family", ni ya ukoo. Daktari alisema hivi juu ya sukari ya mama yangu. Sikuelewa, nikaitikia tu. Nilikuja kuelewa nyumbani kwamba alikuwa ananiambia na mimi nipime. Wadogo zangu mnaokuja huku, usiitikie kitu usichokielewa mbele ya daktari. Omba arudie, hata mara tatu.

---

Nesi_wa_Zamu

@Dada_Minnesota hilo la mwisho lingebandikwa ukutani kwenye kila kliniki. Pole kwa mama, na wewe ulipima?

---

Dada_Minnesota

Nilipima dada, niko salama. Asante kwa kuuliza.

---

Msimamo_Mmoja

Nimerudi. Nimesoma yote, na lile la daktari limenikaa. Nabadilisha sehemu ya msimamo: kuanza na kukimbia, ndiyo, kuishia hapo, hapana.

Lakini mwalimu kuna shida hujaigusa. Hata mtu akielewa kwenda na kuendesha, kuna vile vineno vinavyofuata. Run out, run into, run over, run down. Hapo ndipo mimi mwenyewe hukwama. Mteja wangu aliniandikia "I ran into your brother yesterday" nikampigia kaka kumuuliza kama amegongwa na gari.

---

Mwl_Kihonda

Ndugu yangu, hapo hukukosea sana, kwa sababu "ran into" ina zote mbili. "I ran into an old friend", nimekutana naye bila kutarajia. "The lorry ran into a wall", lori limegonga ukuta. Kinachoamua ni nani amekutana na nini. Ila ukitaka kusema gari limemgonga mtu na kumpitia, ni "run over", na hiyo haina kusalimiana ndani yake.

Namna ninavyowaeleza watoto ni hii. Kiswahili kinabadilisha maana kwa kushona mkia kwenye kitenzi. Karani wa kaunta amelionyesha vizuri kuliko mimi: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, na mtu aliyekimbia nchi yake ni mkimbizi. Shina ni moja, na hakuna Mswahili anayechanganya kumkimbia mtu na kumkimbilia mtu. Kiingereza hakina mikia hiyo. Kinachoweza kufanya ni kuning'iniza kineno nyuma: "run away from" ndiyo kukimbia kwetu, "run to" ndiyo kukimbilia, "chase" wametafuta neno jingine kabisa kwa kukimbiza. Kwa hiyo kile kineno cha nyuma usikichukulie kama nyongeza. Kichukulie kama -lia na -za. Ukikiacha, umeacha nusu ya kitenzi.

"Run out of", kuishiwa. "We have run out of sugar", sukari imetuishia. Fikiria maji yametiririka yote kwenye ndoo mpaka ikabaki tupu.

"Run down" nayo ina sura kadhaa: betri kuisha chaji, jengo kuchakaa, mtu kumponda mwenzake kwa maneno. "You look run-down" hasemi kwamba umegongwa, anasema umechoka, umepauka.

"Run through" ni kupitia kitu haraka, kama kupitia orodha.

Na moja ambayo haina kineno lakini inawaponza wengi: "three days running". Si siku tatu za kukimbia. Ni siku tatu mfululizo.

---

form_four_2

Shikamooni walimu na wazazi wangu. Naomba mnisaidie hii, tulipewa shuleni na darasa zima tumekosa: "The river runs through the farm my uncle ran until he ran out of money."

Mimi niliandika mto unakimbia shamba ambalo mjomba alikimbia mpaka akakimbia nje ya pesa.

---

Mwl_Kihonda

Marahaba mwanangu. Anza na kila "run" uitafutie mwenzake. Ya kwanza mwenzake ni mto na "through": mto unapita katikati. Ya pili mwenzake ni shamba na mjomba, hakuna kineno cha nyuma: aliliendesha. Ya tatu mwenzake ni "out of" na fedha: zilimwishia.

"Mto unapita katikati ya shamba ambalo mjomba aliliendesha mpaka fedha zikamwishia."

Uone tofauti na yako: kwako mjomba alilikimbia shamba. Kwenye sentensi alikaa nalo mpaka senti ya mwisho. Usimtoe mjomba jina baya.

---

Bi_Vitenge

Mwalimu, wale watoto wa "baba anakimbia duka" umewarudishia madaftari?

---

Mwl_Kihonda

Leo jioni nimewarudishia dada. Tumekaa na ile sentensi karibu saa nzima. Nikawapa kwenda na kuendesha, nikawapa piga pasi na piga kura, nikawaonyesha kilebo chako cha nguo. Wakaandika upya: "Baba yangu anaendesha duka."

Binti mmoja wa kidato cha kwanza hakuandika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, kwetu baba ana duka, lakini haliendeshi. Anayefungua asubuhi, anayeagiza mzigo, anayejua nani anadaiwa ni mama." Nikamwambia basi andika hivyo kwa Kiingereza. Akafikiri kidogo, akaandika ubaoni:

"My father owns the shop. My mother runs it."